Tanga, mawimbi na maji ya baridi: twende Lofoten au Jutland?

Swali: "Shikamoo, Mwalimu. Nimekulia Ukunda, na nimeendesha ubao wa tanga Diani kwa miaka sita, miwili ya mwisho nikiwafundisha wageni. Sasa nasoma Göteborg, Sweden. Mimi na mwenzangu, ambaye yeye huteleza mawimbini kwa ubao wa kawaida usio na tanga, tunaweza kupata siku kumi mwezi wa Novemba, na tuna gari kuukuu lenye nafasi ya vifaa. Tunataka kwenda Lofoten, Norway, kwa sababu ya picha tulizoziona, lakini wanafunzi wenzetu wanatucheka. Je, baridi itatushinda? Tuvae nini? Na kama si Lofoten, twende wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Jibu langu ni kwamba msiende Lofoten mwezi wa Novemba mkiwa na tanga. Vukeni kwa feri kutoka hapo hapo Göteborg hadi Frederikshavn, Denmark, safari ya saa tatu na nusu hivi, kisha endesheni gari kama saa mbili kuelekea magharibi hadi kijiji cha Klitmøller kwenye pwani ya Jutland. Kama ratiba ya masomo inaruhusu, irudisheni safari nyuma hadi mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Lofoten iwekeni kwa safari ya pili, na siku hiyo tanga libaki nyumbani. Baridi peke yake haitawashinda. Kinachowashinda watu waliotoka katika maji ya joto ni vidole vya mikono, uchache wa mwanga wa mchana na upepo wa nchi kavu, na mambo hayo matatu mnaweza kuyapigia hesabu kabla hamjatoka nyumbani.

Picha mlizoziona, kwa kukisia tu, ni za Unstad, ghuba ndogo katika kisiwa cha Vestvågøy, kwenye latitudo ya nyuzi 68 kaskazini, yaani ndani ya eneo la Aktiki. Mawimbi yanayozaliwa na dhoruba za mbali katika Atlantiki ya Kaskazini huingia pale yakiwa yamekwisha kujipanga safarini, wimbi na wimbi yakiachana kwa sekunde kumi au zaidi, na kwa mtu kama mwenzako hicho ni kitu cha kukitamani maisha yote. Watu wameteleza Unstad tangu 1963, mabaharia vijana wawili wa Kinorwe waliporudi kutoka Australia wakiwa wameona mchezo huo na kujitengenezea mbao zao wenyewe. Mkondo wa maji ya vuguvugu unaopanda kutoka kusini ndio unaoizuia bahari ile isigande, kiasi kwamba hata mwezi wa Machi, ambapo maji huwa yamepoa kabisa, bado yana nyuzi 4 au 5 za Selsiasi.

Kwako wewe mwenye tanga hali ni nyingine. Ghuba imezungukwa na milima mikali inayoanguka karibu kabisa na maji, na upepo unaposhuka kutoka juu yake hauji kama kusi inavyokuja Diani, mfululizo na kwa nguvu moja kuanzia asubuhi. Huja kwa mapigo: unatulia mpaka tanga linalegea na wewe unaanza kuzama kisigino, kisha unakudaka kutoka upande usioutarajia na kukurusha mbele ya tanga lako. Kando ya ufuo, kushoto na kulia, kuna mawe makubwa ya mviringo, na hapo ndipo mawimbi mazuri yanapovunjika. Jumlisha na mwanga: katikati ya Novemba jua huonekana kwa muda wa saa tano hivi, na kuanzia mwanzoni mwa Desemba hadi siku za kwanza za Januari halichomozi kabisa. Jumlisha na barabara, ambayo kutoka Göteborg ni zaidi ya kilomita 1,500 kwenda peke yake, nyingi zikiwa za milimani ambako Novemba ni majira ya baridi tayari. Katika siku zenu kumi, nne zitaishia garini.

Wenzako wanaowacheka, kwa hiyo, wanacheka kwa sababu isiyo sahihi. Wanadhani mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuingia katika maji ya baridi. Ninavyoona mimi, mtu aliyejifunza kwenye kusi, akajua kubisha kwenda joshi, yaani upande upepo unakotoka, na kurudi palepale alipoondokea, amekwisha kupata nusu ya ujuzi unaotakiwa, na nusu iliyobaki ni mavazi na nidhamu ya saa.

Sasa Klitmøller. Kijiji hiki kiko katika wilaya ya kale ya Thy, pembeni mwa hifadhi ya kwanza ya taifa ya Denmark, iliyofunguliwa 2008, na watu wa mbao wamekibandika jina la Hawaii ya Baridi. Zamani wenyeji wake waliishi kwa uvuvi na kwa biashara ya majahazi: walipakia nafaka ufuoni, wakavuka hadi Norway na kurudi na mbao za kujengea, kwa kuwa Thy ni nchi ya michanga isiyokuwa na miti ya kutosha. Watu wa mbao za kuchezea walipoanza kufika kwa wingi katika miaka ya 1980, wavuvi hawakuwapokea kwa furaha, na haikuwa ajabu, kwa maana pale Ørhage, kwenye kichwa cha kijiji, vyombo vya uvuvi huvutwa juu ya mchanga, na mtu mwenye tanga akikatiza mbele ya chombo kinachotaka kupanda ufuoni ni hatari kwa nafsi yake na kwa wenye chombo. Siku hizi wanaelewana, lakini adabu ni ileile: chombo cha kazi kinapita kwanza, wewe unasubiri nje. Kwa mtoto wa Ukunda sidhani kama hilo linahitaji maelezo zaidi.

Uzuri wa Klitmøller umo katika namna ufuo ulivyokaa. Pwani yote hii inatazama magharibi na kaskazini-magharibi, na upepo unaotawala, hasa majira ya vuli, ni wa kusini-magharibi. Ukisimama ufuoni ukaitazama bahari, upepo huo unakujia kutoka kushoto, ukiambaa na pwani na kuegemea kidogo nchi kavu, kwa hiyo unaweza kutoka moja kwa moja, kugeuza nje, na kurudi ukiwa juu ya wimbi bila ya kusukumwa baharini. Karibu na kijiji kuna mahali panapoitwa Bunkers, kwa ajili ya maboma ya zege yaliyojengwa na jeshi la Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hapo chini ya maji kuna miamba inayolifanya wimbi lisimame na kuvunjika kwa utaratibu. Mashindano ya Kombe la Dunia ya ubao wa tanga yalipoletwa hapa kuanzia 2010, yaliwekwa mwezi wa Septemba. Walioyapanga walijua wanachofanya, kwa kuwa wakati huo dhoruba za vuli zinaanza na bahari bado ina joto la kiangazi: nyuzi 15 au 16 mwezi wa Septemba, 13 hivi mwezi wa Oktoba, kama 10 mwezi wa Novemba, kisha hushuka hadi 4 au 5 kufikia Februari na Machi.

Kuna mambo matatu ya bahari hii yatakayokushangaza.

La kwanza ni maji kujaa na kupwa. Nyumbani umezoea kupanga siku yako kwa bamvua na maji mafu, maana tofauti ya kina hufikia mita tatu na zaidi. Klitmøller tofauti hiyo haifiki nusu mita, na Göteborg huenda hujawahi kuiona kabisa. Usifikiri, hata hivyo, kwamba maji yatabaki mahali pamoja: upepo mkali wa magharibi ukivuma siku nzima huyasukuma maji yote kwenye pwani, ufuo ukawa mwembamba na mawimbi yakawa yanagonga karibu na mawe ya kinga.

La pili ni mkondo. Upepo wa kusini-magharibi huendesha maji kuelekea kaskazini-mashariki kando ya pwani, na siku ya upepo mkali mkondo huo ni kama mto. Ukianguka na kutumia dakika tano kulinyanyua tanga, utakuta jengo ulilolifanya alama yako limekwisha kusogea mbali. Kwa hiyo ingia maji juu kabisa upande wa joshini, chagua alama mbili za nchi kavu, na ukiona umepita alama ya pili, toka nje utembee kurudi. Kutembea ufuoni na ubao kichwani hakumtii mtu aibu, kwani mabingwa pia hutembea.

La tatu ndilo ambalo hata walimu wengi hawaliambii: hewa ya baridi ni nzito. Hewa ya nyuzi 4 ni nzito kwa karibu asilimia 9 kuliko ile ya nyuzi 28 uliyoizoea Diani, na nguvu inayosukuma tanga huongezeka kwa kiasi hichohicho. Tanga la mita za mraba 5.3 ulilolimudu bila taabu katika kusi ya noti 20 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo) litakuvuta mikono Klitmøller katika noti zizo hizo 20. Shuka daraja moja, ufunge 4.7 au 5.0, na wala usione haya. Kumbuka pia kwamba katika nchi hizi upepo hutangazwa kwa mita kwa sekunde, na ukizidisha kwa mbili unapata noti kwa makadirio ya kutosha. Mita 8 tanga linaanza kukubeba, mita 10 hadi 13 ni siku njema, na ikitangazwa mita 15 pamoja na mapigo ya 20, siku yako ya kwanza ishinde ukitazama wenyeji wanavyofanya. Utabiri wa DMI, ambayo ni idara ya hali ya hewa ya Denmark, na ule wa Yr unaotolewa na Wanorwe, ndio ninaousoma mimi, asubuhi na jioni, nikilinganisha.

Kabla ya hayo yote, fanyeni mazoezi karibu na nyumbani. Varberg iko kilomita 75 hivi kusini mwa Göteborg, na ghuba yake ya Apelviken imekuwa chuo cha watu wa tanga wa Sweden kwa miaka mingi: ina mchanga, kina kifupi, na upepo wa kusini-magharibi unaoingia vizuri. Nendeni pale siku moja ya mwisho wa wiki na mavazi yote mtakayovaa Denmark, glavu zikiwemo, si kwa nia ya kufurahi bali kwa nia ya kugundua kasoro. Suti inayobana shingoni, buti inayoingiza mchanga, glavu inayoteleza kwenye mpini wa tanga, vyote ni afadhali uvijue ukiwa saa moja kutoka kitandani mwako.

Kuhusu mavazi, anza na suti ya neoprini yenye unene wa milimita 5 kifuani na 4 kwenye mikono na miguu, iliyoshonwa pamoja na kofia yake. Hiyo inatosha Septemba na Oktoba kwa wote wawili, na Novemba kwa mtu anayejituma. Kuanzia Desemba, na Lofoten wakati wowote wa majira ya baridi, tafuta ya 6 kwa 5. Mpira huo hauzuii maji yote. Kazi yake hufanywa na vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya neoprini, ambavyo havipitishi joto kwa urahisi, na utando mwembamba wa maji unaobaki kati yake na ngozi ukapashwa joto na mwili. Suti kubwa kuliko mwili wako ni mzigo tu, kwa sababu kila ukianguka utando ule unatolewa na maji mapya ya baridi yanaingia kupitia mgongoni. Kwa hiyo ukubwa unaokukaa sawasawa ni muhimu kuliko jina la kampuni, na suti iliyotumika lakini yenye mishono mizima ni bora kuliko mpya iliyolegea kiunoni. Mwenzako anahitaji pia kuzingatia mabega, kwa sababu kupiga kasia kwa mikono ndani ya milimita 5 za mpira kunachosha mara mbili ya alivyozoea. Aongeze ubao wenye ujazo mkubwa kidogo.

Viatu: buti za milimita 5, au 7 kwa Lofoten. Kwenye Klitmøller hakuna wale fuma wenye miiba wa kwenye miamba yetu, lakini kuna mawe, na mguu uliokufa ganzi haujui kuwa umekatwa.

Mikono ndiyo mtihani. Mwenye ubao wa kawaida hujifunika glavu nene za milimita 5 na mambo yanamwendea. Wewe huwezi, kwa sababu glavu nene inakulazimisha ukamate mpini kwa nguvu zaidi, misuli ya mkono wa mbele inajaa damu na kukaza kama jiwe, na baada ya dakika ishirini vidole vinafunguka vyenyewe. Watu wa huku hutumia glavu za mfuko zilizo wazi kiganjani: mgongo wa mkono unafunikwa na mpira, upepo haupigi, na kiganja kinashika mpini moja kwa moja. Wengine hutumia glavu nyembamba za milimita 2 na kukubali kutoka majini kila baada ya nusu saa. Mimi ni wa kundi la pili, na nilifika huko kwa njia ya aibu. Msimu wangu wa kwanza kwenye pwani hii nilikaa majini hadi giza lilipokaribia, mikono mitupu, nikijisifu kwamba maji ya nyuzi 9 si kitu. Nilipofika kwenye gari, ufunguo ulikuwa ndani ya mfuko mdogo wa zipu uliofungwa kiunoni, na vidole vyangu havikuweza kushika kile kijilimi cha zipu. Nilijaribu kwa meno, nikajaribu kwa kuusugua mfuko ukutani. Upepo ulikuwa unavuma, mimi nimelowa, na gari langu lenye mablanketi na chai liko umbali wa mkono. Hatimaye alipita mama mmoja mtu mzima anayemtembeza mbwa, nikamwonyesha kwa ishara, akanifungulia zipu, akanifungulia na mlango, akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani, akaenda zake. Tangu siku hiyo ufunguo wangu umefungwa kwa kamba ndefu yenye fundo nene, na mlango naufungua kabla sijafungua tanga.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye mwili, na hapa nakuomba usome pole pole. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amechunguza mwili katika maji ya baridi kwa miaka mingi, hufundisha hesabu rahisi: moja, kumi, moja. Mtu aliyeangukia ndani ya maji ya baridi sana ana dakika moja ya kuituliza pumzi yake, dakika kumi hivi ambazo mikono na miguu bado inamtii, na takriban saa moja kabla hajapoteza fahamu kwa baridi. Suti yako inairefusha sana ile kumi na ile saa moja, lakini haikuondolei ile dakika ya kwanza. Maji yakikupiga usoni na kupenya shingoni, mwili hushtuka, ukavuta pumzi kwa nguvu bila ya kutaka, na ukiwa chini ya wimbi wakati huo utavuta maji. Kwa hiyo usikimbie ufuoni na kujitupa. Simama maji ya kiuno, jimwagie mwenyewe maji ndani ya suti kupitia shingoni, nawa uso mara kadhaa, ngoja pumzi itulie, ndipo upande ubao. Dakika mbili tu.

Ukiwa majini, kuna kipimo kinachofanyika bila ya kifaa. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Ukishindwa, safari imekwisha. Toka nje sasa hivi, hata kama wimbi la siku linakuja. Kutetemeka si jambo la kuogofya, kwa kuwa mwili unajizalishia joto. Cha kuogofya ni mtu aliyekuwa anatetemeka kisha akaacha, akiwa bado majini, akaanza kuzungumza kwa ulimi mzito au kukujibu jambo ambalo hukumuuliza. Mwenzako akifika hapo, msaidie kutoka, mvue vilivyolowa ukimkinga na upepo, mfunike kuanzia kiwiliwili na kichwa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri, na umlaze asitembeetembee. Msimsugue mikono na miguu, wala msimpe pombe, kwa maana vyote viwili huharakisha damu ya baridi ya pembeni kurudi moyoni. Nambari ya dharura ni 112 Denmark na Sweden. Norway ambulensi ni 113, na dharura za baharini ni 120. Simu iwe ndani ya mfuko usiopenya maji, kifuani mwako, na mjue ishara ya kuomba msaada: kuinua na kushusha mikono yote miwili pole pole, tena na tena.

Kanuni ya kutouacha ubao unaijua na unaifundisha. Ninaikumbusha kwa sababu ya upepo wa mashariki. Klitmøller upepo wa mashariki hutoka nchi kavu, na ufuoni, nyuma ya vilima vya mchanga, unaonekana mpole, maji yametulia, jua linawaka, na mgeni anadhani amepata siku ya kujifunzia. Mita mia mbili nje unakuta nguvu yake halisi, na ukivunjikiwa na mlingoti huko, nchi kavu inayofuata mbele yako ni Scotland, zaidi ya kilomita 600. Mwenye tanga haingii bahari hii kwa upepo wa mashariki. Yakikukuta hata hivyo, litupe tanga lote, lalia ubao, piga kasia mapema kabla mikono haijafa.

Mengine niyapitie haraka. Masikio: maji ya baridi yakirudiwarudiwa kwa miaka huotesha mfupa ndani ya tundu la sikio, kwa hiyo nunueni vizibo vya masikio tangu sasa, havina gharama kubwa. Malazi: Norway na Sweden zina haki ya kale inayomruhusu mtu kupiga hema nchi ya wazi kwa usiku mmoja au miwili, na Norway sheria inataka uwe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, lakini Denmark haina haki hiyo, kwa hiyo kodini kibanda au lipeni kambi. Kibanda ni bora, kwa sababu ya sehemu ya kuanikia; suti iliyolala na maji usiku kucha ni adhabu ya asubuhi. Matairi ya majira ya baridi ni lazima Sweden kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi pakiwa na hali ya barafu au theluji barabarani, na hata Novemba ningeyafunga.

Mkishaipenda hali hii, kabla ya kuijaribu Lofoten kuna Jæren, kusini mwa Stavanger, Norway, ufuo mrefu wa mchanga wenye mawimbi ya bahari kuu na upepo wa wazi usiovurugwa na milima. Unawafaa wote wawili, na mashindano ya Ulaya ya kuteleza mawimbini yalifanyika huko 2017. Eneo hilo limehifadhiwa kwa ajili ya ndege, kwa hiyo someni mabango kabla ya kufunga tanga, maana baadhi ya sehemu zimekatazwa. Kutoka Jutland mnavuka kwa feri kupitia Hirtshals.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami naona ndilo litakalowagombanisha. Wewe na mwenzako hamtaki siku moja. Wewe unautaka upepo wa kusini-magharibi wa mita 12, ambao kwake yeye ni fujo: Bahari ya Kaskazini ni fupi, upepo unaoyazaa mawimbi ndio huohuo unaoyavuruga, na kati ya wimbi na wimbi hupita sekunde sita au saba tu, hapati hata nafasi ya kupiga kasia kutoka nje. Yeye anaisubiri siku ya pili yake, dhoruba ikishapita, mawimbi yaliyosalia bado yanaingia na upepo umegeukia mashariki kidogo, ukiyapiga uso na kuyanyoosha. Hiyo ndiyo siku niliyokukataza kuingia baharini. Ukitaka kuitumia, nenda kusini kwa gari hadi Ringkøbing Fjord, kando ya mji wa Hvide Sande, hori pana lenye kina kidogo, ambako sehemu kubwa unaweza kusimama na maji yakakufika kifuani, na upepo wa mashariki haukupeleki popote isipokuwa ng'ambo. Ila kama atateleza mwamba asioujua na hakuna mwingine majini, usiende. Yeye amekuangalia jana yake akiwa ufuoni kwenye baridi. Leo themosi na saa viko kwako, na dakika arobaini zikitimia, mpungie mkono atoke.